Munyu, Magadi na Maji ya Majivu: Chumvi ya Potasiamu na Majina Yake

Kiswahili sanifu kina neno moja tu la kila siku kwa kitu kinachokoleza chakula, nalo ni chumvi. Waha wa nyanda za juu za Kigoma, tangu Kasulu hadi Kibondo na Kasanda, husema umunyu, kama wasemavyo jirani zao Warundi na Wanyarwanda. Waganda husema omunnyo. Na Waswahili wa pwani ya kaskazini nao walisema munyu, neno ambalo kamusi za zamani zimelihifadhi kuwa la lahaja za upande wa Lamu na Mombasa. Basi hapa tuna neno la Kibantu lililokuwa moja pwani na bara, ambalo Kiunguja kililiacha na lugha nyingi za bara zikaendelea nalo.

Lakini kufanana kwa neno hakuthibitishi kufanana kwa kitu. Swali la makala haya si asili ya neno munyu, bali ni hili: watu walipolitamka, walikuwa wameshika nini mkononi? Jibu ni kwamba katika Afrika Mashariki vitu visivyopungua vitatu, vyenye tabia mbalimbali, vimekwenda chini ya majina ya chumvi na ya magadi. Kimoja ni chumvi ya kula yenyewe, yaani kloridi ya sodiamu. Cha pili ni magadi, ambayo kwa sehemu kubwa ni kabonati za sodiamu. Cha tatu ni chumvi itokayo katika majivu ya mimea, ambayo nguvu yake imo katika kabonati ya potasiamu. Hicho cha tatu ndicho kilichosahauliwa kuliko vyote, ijapokuwa historia yake ni ndefu, na ijapokuwa nusu ya maneno ya kemia yahusuyo jamii hiyo ya vitu yametoka kwake. Yatupasa tukitazame kwa makini, maana kusahauliwa kwa jina lake kumeleta madhara yasiyo ya lugha peke yake.

Tuanze na chumvi ya kweli, kwa sababu wenyeji wa Buha walikuwa na bahati ya kukaa karibu nayo. Mto Ruchugi hushuka kutoka nyanda za juu za Kasulu ukaelekea kusini mpaka kukutana na Malagarasi, na karibu na makutano hayo, mahali paitwapo Uvinza, pana chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 wanahistoria J. E. G. Sutton na A. D. Roberts walichimbua huko, na matokeo ya kazi yao yakachapishwa mwaka uliofuata. Walionyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi hizo tangu katikati ya miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo, yaani karne ya 5 au ya 6. Kwa hiyo kazi ya chumvi ya Uvinza ina umri wa karibu miaka 1,500, nayo ni miongoni mwa kazi za mikono zilizodumu muda mrefu kabisa katika historia ya Tanzania inayojulikana.

Katika karne ya 19 kazi hiyo ilifanywa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, watu walipokuwa na nafasi na chemchemi hazijachanganyika na maji ya mvua. Watu wa makabila mbalimbali walikuja, wakajenga vibanda vya muda, wakachemsha maji vyunguni, wakawalipa watemi wa Wavinza ushuru wa chumvi. Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1858 pamoja na Speke katika safari ya kwenda Ujiji, aliisifu chumvi ya Uvinza kuwa bora kuliko chumvi chungu ya Ugogo. Sifa hiyo si ya bure. Maji ya Uvinza yana kloridi ya sodiamu kwa wingi, na vitu vingine vya kuichafua ni vichache. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ilianza kuchemsha chumvi hapo kwa taratibu za kiwanda, mahali pakaitwa Gottorp, na reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 chumvi hiyo ikapata njia mpya ya kusafiri.

Hata hivyo si kila mtu aliweza kuifikia. Kutoka Kasanda, kata iliyokuwa katika wilaya ya Kibondo mpaka wilaya ya Kakonko ilipoundwa mwaka 2012, hadi kwenye chemchemi za Uvinza ilikuwa safari ya siku nyingi kwa miguu, tena ya kupita nchi za watemi wenye kudai ushuru. Chumvi ilikuwa mali. Ilibadilishwa kwa vitu vingine vya thamani, wala haikutupwa ovyo chunguni. Na kwa watu waliokaa mbali zaidi na chemchemi yoyote au ziwa lolote la chumvi, hali ilikuwa ngumu zaidi. Mtu alaye nyama na maziwa hupata chumvi kiasi katika chakula chenyewe, bali mkulima alaye nafaka, maharage, ndizi na majani huikosa na kuitamani. Wakulima hao ndio walioigeukia chumvi ya majivu.

Njia ya kuipata ni moja karibu kila mahali, na urahisi wake ndio ushahidi wa ukale wake. Mimea hukaushwa, ikachomwa mpaka iwe majivu meupe. Majivu hayo hutiwa katika chungu au kibuyu chenye matundu madogo chini, ambayo aghalabu huzibwa kidogo kwa majani ili yachuje. Kisha humiminwa maji juu yake, nayo hupenya polepole yakadondoka katika chombo kilichowekwa chini. Yanayodondoka ni maji ya rangi ya kahawia au ya manjano, yenye kuteleza vidoleni na yenye ladha kali. Mpishi huweza kuyatia chunguni vivyo hivyo, au kuyachemsha mpaka yakauke na kubakiza chumvi ngumu ya kuwekwa.

Majina yake ni mengi. Waluhya wa magharibi mwa Kenya huiita munyu musherekha, nao huitoa hasa katika maganda na mabua makavu ya maharage. Waiteso husema abalang. Waacholi husema kado atwona. Huko Malawi Wachewa husema chidulo. Msomaji ataona jambo moja la maana: jina la Waluhya linaanza na munyu. Kwao kitu hicho ni chumvi, ila ni chumvi ya namna yake, nayo hupambanuliwa na nyingine kwa neno la pili. Lugha hizo hazikuchanganya vitu, zilivipanga. Kila moja iliona kwamba majivu yana chumvi ndani yake, ikaona pia kwamba chumvi hiyo si sawa na ile ya ziwani.

Kemia inakubaliana nao. Mmea huvuta potasiamu kwa wingi kutoka ardhini, kwa sababu hauwezi kukua bila ya hiyo, bali sodiamu mimea mingi ya bara huitumia kidogo sana. Mmea unapoungua, potasiamu hubaki majivuni, hasa kwa umbo la kabonati, pamoja na sehemu ya kloridi na salfeti. Sehemu kubwa ya majivu yaliyobaki ni ya jamii ya chokaa, isiyoyeyuka katika maji. Hapo ndipo ilipo siri ya chungu chenye matundu: kabonati ya potasiamu huyeyuka upesi mno, hata maji ya gramu 100 yaweza kubeba zaidi ya gramu 100 za kabonati hiyo, na chokaa hubaki nyuma. Uchaguzi wa mimea nao ulikuwa wa busara. Majani, mabua machanga, maganda ya maharage na maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi kuliko shina la mti mkubwa. Nyasi na mafunjo ya kinamasi, kwa upande mwingine, mara nyingi hutoa kloridi zaidi, na kwa hiyo ladha iliyo karibu zaidi na ya chumvi ya kula. Tena kabonati ya potasiamu huvuta unyevu wa hewa. Ndiyo sababu chumvi ya majivu iliyokaushwa huloa yenyewe wakati wa masika, na kuhitaji kuwekwa karibu na moto.

Lakini si kwa ladha tu kwamba maji ya majivu yalipendwa. Yana kazi ambayo chumvi ya Uvinza haiwezi kuifanya. Chumvi ya kula haigeuzi maji kuwa na ukali wowote wa namna ya asidi au wa kinyume chake, bali kabonati ya potasiamu huyageuza yakawa ya alkali. Katika maji ya namna hiyo kuta za chembechembe za mmea, zilizoshikamanishwa na pektini, hulegea. Maharage makavu yaliyohitaji nusu ya siku motoni huiva mapema. Mboga za majani zenye nyuzi ngumu hulainika. Na rangi yao ya kijani hubaki, kwa sababu asidi iliyomo majani hutulizwa kabla haijaiharibu. Katika nchi kama ya Buha, ambako maharage ni chakula cha kila siku na kuni hubebwa kichwani, jambo hilo si dogo. Faida hiyo ina gharama yake: alkali huharibu sehemu ya vitamini, hasa B1. Wapishi waliotia kidogo tu walikuwa wakifuata ulimi wao, maana ikizidi chakula huwa kichungu na hunuka sabuni, na ulimi ukawa mlinzi wa vitamini bila ya kujua.

Hapa yatubidi tuondoke bara kwa muda, tutazame jinsi chumvi hii ilivyopewa majina katika lugha nyingine, kwa kuwa majina hayo ndiyo yaliyorudi kwetu katika vitabu vya shule.

Waarabu waliyaita majivu ya mimea fulani ya pwani na ya jangwani al-qali, kutokana na kitenzi chenye maana ya kukaanga au kuchoma. Neno hilo lilichukuliwa na wanakemia wa Ulaya likawa alkali. Mwishoni mwa karne ya 18 Mjerumani Klaproth alitumia neno kali kwa chumvi ya mimea, na kutoka hapo likapatikana jina kalium, ambalo herufi yake ya kwanza, K, ndiyo alama ya potasiamu duniani kote hata leo. Waingereza, Waholanzi na Wajerumani wa kawaida walikuwa na jina lao la jikoni: majivu ya chungu, kwa sababu maji yake yalikaushwa katika vyungu vya chuma. Humphry Davy alipoitenga metali yenyewe kwa nguvu ya umeme huko London mwaka 1807, aliliongezea jina hilo la jikoni mwisho wa Kilatini, ikawa potassium, nasi tukapata potasiamu. Kwa hiyo neno linaloonekana la kigeni kabisa katika kitabu cha kemia lina maana ile ile aliyoijua mama wa Kiluhya mwenye chungu chenye matundu.

Lakini majivu yale ya Waarabu yalikuwa ya mimea iotayo katika ardhi ya chumvi, na mimea hiyo, tofauti na ya bara, hukusanya sodiamu. Yaani al-qali ya asili kwa sehemu kubwa ilikuwa kabonati ya sodiamu, ndugu wa magadi, wala si chumvi iliyokuja kurithi jina lake. Wataalamu wa Ulaya wenyewe walikaa karne nyingi bila ya kuvipambanua vitu hivi viwili. Mfaransa Duhamel du Monceau alionyesha tofauti yao mwaka 1736, na Mjerumani Marggraf aliithibitisha baada ya miaka ishirini na zaidi kwa kuangalia moto: chumvi za sodiamu huupa mwali rangi ya manjano, na chumvi za potasiamu huupa rangi ya zambarau. Basi mtu asiwacheke Waswahili kwa kuviita vitu viwili jina moja. Kosa hilo lilikuwa la dunia nzima, na lilisahihishwa juzi tu.

Kwa msomaji wa Kiswahili, neno hili lina mtego mwingine. Katika lugha yetu kali ni neno la Kibantu, lenye maana ya kitu chenye makali, chenye kuchoma ulimi, au mtu asiyecheka. Halina uhusiano wowote na qali ya Kiarabu. Kukutana kwa sauti zao ni jambo la bahati. Lakini mwanafunzi hajui hivyo. Yeye husikia kali katika alkali, na husikia kali vile vile katika tindikali, neno la mafundi lililopewa kazi ya kutaja asidi. Sasa alkali na tindikali ni vitu vinavyopingana: kimoja humtuliza mwenzake, na vikikutana kila kimoja hupoteza nguvu. Maneno mawili yenye mkia mmoja yamewekwa juu ya vitu vilivyo kinyume. Mwalimu aliyefundisha somo hilo kwa Kiswahili ataelewa ninayosema. Hakuna haja ya kuyafuta maneno hayo, ambayo yamekwisha kukaa. Bali kuna haja ya kumweleza mwanafunzi historia yake, ili sikio lisimdanganye.

Tukirudi kwenye kazi za chumvi hii, mbili zafaa kutajwa kabla ya ile ya mikate. Ya kwanza ni sabuni. Maji ya majivu yakichanganywa na chokaa iliyozimwa, chokaa huchukua kabonati na kuzama, na majini hubaki alkali yenye nguvu zaidi. Hiyo ikipikwa na mafuta huwa sabuni. Sabuni ya potasiamu ni laini, nyingine karibu kama uji, tofauti na ile ngumu ya sodiamu. Katika mwambao wa Kigoma, ambako michikichi hutoa mawese, mafuta ya kazi hiyo yako tele, na maganda ya ndizi yaliyochomwa hutoa majivu bora kwa kazi hiyo.

Ya pili ni shura. Neno hili, lililotoka katika Kiajemi na kupitia Bara Hindi likafika pwani, ni jina la naitreti ya potasiamu, ambayo huchanganywa na makaa na kibiriti kutengeneza baruti. Mafundi wa zamani wa Asia na Ulaya walikusanya udongo wa mazizini na wa kuta kongwe, wakauchuja kwa maji, kisha wakatia maji ya majivu. Kabonati ya potasiamu iliitupa nje chokaa iliyokuwamo, ikaacha shura safi. Bila ya majivu ya jikoni, baruti nyingi za zamani zisingewaka. Shura, kwa hiyo, ni jina sahihi kabisa la chumvi moja ya potasiamu ambalo Kiswahili kimekuwa nalo muda mrefu, na ni ajabu kwamba vitabu vya shule huipita bila ya kuitaja.

Sasa tuitazame kazi ya mikate. Mkate wa pwani yetu huumuliwa kwa hamira, neno la Kiarabu, nayo ni viumbe hai vidogo vinavyokula sukari na kutoa hewa ya kaboni dioksidi. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Katika karne ya 18 wapishi wa Amerika ya Kaskazini walipata njia ya mkato. Huko wakati ule misitu ilikatwa na kuchomwa kwa kufungua mashamba, na majivu yake yalikuwa bidhaa ya kuuzwa ng'ambo. Sheria ya kwanza ya hataza ya Marekani ilipopitishwa mwaka 1790, hati ya kwanza kabisa, iliyotiwa sahihi na Rais George Washington tarehe 31 Julai mwaka huo, alipewa Samuel Hopkins kwa njia mpya ya kutengeneza chumvi ya majivu na ile iliyosafishwa zaidi kwa kuchomwa mara ya pili hata ikawa nyeupe kama lulu. Na mwaka 1796 Amelia Simmons alichapisha huko Hartford kitabu cha mapishi ambacho kilikuwa cha kwanza kutungwa na Mmarekani, nacho kiliagiza chumvi hiyo ya rangi ya lulu itiwe katika unga wa mikate midogo ya viungo.

Utendaji wake ni rahisi kueleza. Kabonati ikikutana na asidi hutoa kaboni dioksidi, na mapovu yake huuinua unga. Asidi hiyo ilitoka katika maziwa yaliyochacha au katika asali ya miwa. Lakini kabonati ya potasiamu ina udhaifu wake. Joto la tanuri peke yake haliwezi kuivunja. Isipopata asidi ya kutosha haitoi hewa, na ile inayobaki huupa mkate ladha ya sabuni. Ndiyo sababu katika karne ya 19 waokaji walihamia kwanza kwenye bikabonati ya potasiamu, ambayo hutoa hewa hata kwa joto tupu, kisha kwenye bikabonati ya sodiamu, iliyokuwa rahisi zaidi baada ya viwanda vya Ulaya kujua kuitengeneza kutoka katika chumvi ya kula. Hata hivyo Wajerumani hawakuiacha kabisa: mikate yao ya asali na viungo, inayookwa karibu na Krismasi, hadi leo hutiwa kabonati ya potasiamu. Unga wake wa asali hulazwa siku nyingi, pengine wiki kadhaa, nao huchacha polepole na kutengeneza asidi inayohitajika. Wachina nao hutia chumvi za jamii hiyo katika unga wa tambi, si kwa kuumua bali kwa kuupa unga uthabiti na rangi ya manjano. Nje ya jikoni, kabonati ya potasiamu huingia katika vioo, katika sabuni, na katika maabara ambamo hutumiwa kukausha vimiminika, kwa ile ile tabia yake ya kuvuta maji ambayo mpishi wa bara aliiona wakati wa masika.

Hadithi ya huku kwetu ilichukua njia inayofanana na hiyo: sodiamu ilikuja kukaa mahali pa potasiamu. Kwetu sodiamu hiyo ni magadi. Neno hili limefungamana na nchi za Wamaasai, ambao katika lugha yao husema emakat, na ziwa Magadi la Kenya limejaa kitu hicho kigumu cheupe, ambacho ni kabonati na bikabonati za sodiamu zilizoungana. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na reli ya tawi ikajengwa kutoka Konza hadi ziwani. Upande wa Tanzania yako maziwa Natron na mengineyo ya Bonde la Ufa. Magadi yalikwisha kujulikana na wavuta ugoro, waliyoyachanganya na tumbaku, na wapishi wa maharage. Lakini biashara ya karne ya 20 iliyafikisha madukani mbali na maziwa, na mpishi aliyekuwa akichoma mabua aliona ni rahisi zaidi kununua.

Jikoni, magadi na maji ya majivu hufanya kazi moja. Maharage huiva, mboga hulainika. Kwa hiyo jina nalo likaenea: mahali pengi mtu akizungumza Kiswahili huyaita magadi yote mawili, yale ya ziwani na yale ya majivu, na mwandishi wa kamusi akayafuata mazoea hayo. Hapo ndipo lugha ilipopoteza kitu ambacho munyu musherekha ulikuwa umekihifadhi, yaani kumbukumbu ya mahali chumvi ilikotoka.

Mtu aweza kuuliza: kuna hasara gani, maadam chakula kinaiva? Hasara ni tatu. Kwanza, magadi ya sehemu kadhaa za kaskazini mwa Tanzania yamekutwa na floraidi nyingi, na kuyatumia katika chakula kumehusishwa na meno ya watoto kuota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka. Mzazi aliyeambiwa kwamba magadi yana madhara, naye huita magadi vitu viwili, hawezi kujua ni kipi anachoonywa. Pili, mgonjwa wa shinikizo la damu hushauriwa apunguze sodiamu, na mgonjwa wa figo hushauriwa ajihadhari na potasiamu. Mashauri hayo mawili yanavutana, na daktari akitumia neno moja kwa vitu vyote viwili atamponya mmoja na kumdhuru mwingine. Tatu, mwanahistoria anayesoma taarifa za wasafiri au kusikiliza simulizi za wazee, akikuta neno magadi au chumvi, hawezi kupima njia za biashara. Kwa maana magadi ya ziwani lazima yasafirishwe, bali chumvi ya majivu hutengenezwa uani. Nchi iliyotumia ya kwanza ilikuwa katika mtandao wa misafara. Nchi iliyotumia ya pili huenda ilijitegemea. Neno moja lisilopambanuliwa laweza kuzua msafara ambao haukuwahi kupita, au kuufuta uliopita.

Kwa sababu hizo napendekeza kwa watungaji wa istilahi, na kwa warithi wa kazi iliyozaa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, mpango ufuatao. Jina magadi lifungwe kwa chumvi za kabonati ya sodiamu zichimbwazo au zichotwazo. Jina chumvi ya majivu litumike kwa kabonati ya potasiamu ya jikoni, na maji ya majivu kwa kimiminika chake kabla hakijakaushwa. Hayo ni maneno ambayo kila Mswahili atayaelewa mara ya kwanza ayasikiapo. Jina shura lirudishiwe kazi yake ya zamani. Majina ya kitaalamu yenye potasiamu na sodiamu yabaki kwa maabara, lakini kitabu cha shule kiyaweke kando ya yale ya nyumbani, ili mtoto ajue kwamba kemia haikuanzia katika chupa. Na neno munyu, ambalo limelala katika lahaja za kaskazini na limo hai katika Kiha na lugha nyingi za bara, lisiandikwe katika kamusi kuwa kisawe tupu cha chumvi, bali liandikwe pamoja na lugha ndugu zake na maana zake zote.

Mpango huo hauwezi kukamilika mezani. Unahitaji watu wa kwenda vijijini na orodha fupi ya maswali: chumvi ya zamani ilitoka wapi; ilichomwa mimea gani, na kila mmea ulitoa chumvi ya ladha gani; chungu cha kuchujia kiliitwaje; ni chakula gani kilichotiwa na ni kipi kilichokatazwa; na neno gani lilitumika kwa chumvi ya Uvinza ili kuipambanua. Nyanda za juu za Kigoma ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa ziko kati: upande mmoja ziko chemchemi za chumvi safi kabisa, na upande mwingine ziko nchi zilizokuwa mbali nazo. Mpaka kati ya chumvi ya chemchemi na chumvi ya majivu huenda ulipita katikati ya Kiha chenyewe, mahali fulani kati ya Ruchugi na Kasanda, na kama ulipita hapo, maneno ya wazee wa pande zile mbili yatauonyesha kwa usahihi kuliko ramani. Wazee hao hawaongezeki, na magadi ya dukani yako kila mahali.